Je, Kasereka ni jina la kizee?

Asubuhi moja mwalimu alishika orodha ya darasa, akaanza kuita majina. Kila mtoto alijibu: "Niko!" Mwalimu akaita: "Kasereka!" Hakuna aliyejibu. Akaita mara ya pili. Watoto wakaanza kucheka na kumtazama mwenzao aliyeketi karibu na dirisha. Mtoto yule aliinamisha kichwa. Mwisho akasimama, akasema kwa sauti ndogo: "Niko, Mwalimu. Lakini mimi naitwa Kevin."

Mwalimu akaenda kutazama kaye yake. Juu ya jalada jina Kasereka lilikuwa limepigwa mistari kwa biki, mpaka karatasi ikatoboka. Chini yake palikuwa pameandikwa Kevin, kwa herufi kubwa. Mwalimu hakumkaripia. Alimwuliza tu: "Nani amekuambia kwamba jina lako ni baya?"

Mtoto akajibu: "Wenzangu wanasema ni jina la kizee. Wanasema ni jina la watu wa shamba."

Mtoto huyu alikuwa na neno lingine moyoni. Nyumbani kwao mama alikuwa amejifungua siku ya pili iliyopita, mtoto mwanamume, wa nne. Mtoto huyo mchanga hakuwa na jina bado. Kaka yake alikuwa amemwomba baba asimpe jina kama lake.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu, huenda wengine kati yenu wamewaza kama mtoto yule. Basi tuone kwanza jina hilo limetoka wapi.

Kwa Wanande, wanaokaa pande za Beni, Butembo na Lubero katika Kivu ya Kaskazini, jina la mtoto halitafutwi mbali. Mtoto analeta jina lake siku ya kuzaliwa, kwani jina ni hesabu. Mwana wa kwanza wa mama ni Paluku. Kwa wengine huitwa Mumbere ao Nzanzu. Wa pili ni Kambale. Wa tatu ni Kasereka. Wa nne ni Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa, na wa saba Ndungo. Wasichana nao wana hesabu yao: wa kwanza ni Masika, wa pili Kavira, na kuendelea. Tena kama wamezaliwa wasichana wengi, kisha mvulana akatokea, anaweza kuitwa Muhindo, maana yake mambo yamegeuka. Msichana akizaliwa kisha ya wavulana ataitwa Kahindo.

Ona basi faida yake. Mgeni akifika nyumbani, mtoto akamwambia "Mimi ni Katembo", mgeni anajua mara moja kwamba mama wa nyumba hii amezaa wana watano ao zaidi. Anajua ni nani wa kusalimu kwanza, na nani wa kutumwa kuleta kiti. Hakuna haja ya maneno mengi.

Tena hesabu hiyo inavuka mpaka. Upande wa pili wa milima ya Ruwenzori, katika Uganda, pande za Kasese, wanakaa Wakonzo, ndugu za Wanande. Kwao wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo, wa sita Mbusa, wa saba Ndungu. Wazungu walichora mpaka juu ya mlima, lakini majina hawakuyagawanya. Kambale wa Beni akienda sokoni Kasese, akakutana na Bwambale, watacheka wote wawili na kushikana mikono. Kila mmoja anajua kwamba mwenzake naye ana kaka mmoja mkubwa wa kumsumbua.

Shida yake ipo pia, hatuwezi kuificha. Katika darasa moja mnaweza kuwa na akina Kambale watano. Mwalimu akiita, wanasimama wote. Na mgeni wa inchi nyingine akisoma karatasi za nyumba moja, atashangaa: baba ni Kambale, mtoto wa kwanza ni Paluku, na mtoto wa pili ni Kambale tena! Atauliza jina la jamaa liko wapi. Sisi hatukuwa na desturi ya jina moja la kurithi kwa watu wote wa nyumba, kama wafanyavyo watu wa Ubelgiji na Ufaransa. Kila mtu alipewa lake. Kwa sababu hiyo watu waliongeza jina la pili, na la tatu, ili Kambale huyu asichanganywe na Kambale yule. Hata leo katika karatasi za shule za Kongo mnaona mistari mitatu: jina, jina la kufuata, na jina la batizo ao la nyumbani.

Makabila mengine yana njia nyingine. Kwa Waluba wa Kasai, wakizaliwa mapacha, mkubwa huitwa Mbuyi na mdogo Kabanga. Wazazi hawakai kitako kuchagua. Majina Ilunga na Kalala, ambayo watoto wa Lubumbashi wanayasikia kila siku, ni ya Kalala Ilunga, shujaa ambaye masimulizi ya Waluba yanasema alimshinda Nkongolo na kuanzisha ufalme. Kwa Washi wa pande za Bukavu, Mugisho ni baraka na Murhula ni amani. Na katika Kivu nzima mnasikia majina ya Kiswahili: Bahati, Baraka, Amani, Riziki, tena Mateso, Shida, Tabu.

Juu ya majina hayo matatu ya mwisho nitasema neno langu. Mzazi aliyemwita mwanawe Mateso alikuwa na sababu. Pengine mama aliumia siku nyingi, pengine mwaka ule ulikuwa wa njaa. Lakini mtoto atabeba shida ya mwaka mmoja miaka sabini. Si kila jina kwa kuwa ni la zamani linastahili kurudishwa. Kama babu aliitwa Shida, mjukuu anaweza kumheshimu babu kwa njia nyingine.

Sasa turudi kwa mtoto wetu wa Butembo.

Jioni ile, walipokwisha kula, baba aliwakusanya watu wa nyumba. Babu alikuwapo. Babu huyu naye ni Kasereka, wa tatu kwa mama yake. Mama alimshika mtoto mchanga. Alisema: "Mimi napenda aitwe Plamedi, basi." Mnajua jina hilo, ni jipya, limeungwa kwa vipande vya maneno ya Kifaransa, maana yake mpango wa ajabu wa Mungu. Mama hakulichagua kwa kujionyesha. Kuzaa kulikuwa kugumu, mganga wa maternite alikuwa na hofu, na mama alikuwa ameahidi jina la kushukuru.

Kaka mkubwa, yule aliyefuta jina lake, akasema upesi: "Ndiyo, Plamedi. Jina Kakule watamcheka."

Baba alinyamaza. Alimtazama babu.

Babu akasema: "Mjukuu wangu, unajua mimi nina ndugu wangapi?"

Mtoto akajibu: "Huna, Babu. Uko peke yako."

"Nani amekuambia? Jina langu linasema nini?"

Mtoto akahesabu kwa vidole: Paluku, Kambale, Kasereka. Akanyamaza. Hakuwa amefikiri hata siku moja.

Babu akasimulia. Alipokuwa bado mdogo, surua iliingia kijijini. Siku zile chanjo ya surua ilikuwa haijafika kwao. Paluku alishikwa kwanza, kisha Kambale. Walikufa katika juma moja. Babu naye aliugua, lakini akapona. "Hawana picha," akasema. "Hawana karatasi ya serikali. Mahali walipozikwa pameota miti, hata mimi siwezi tena kuonyesha pale hasa. Kitu kilichobaki cha kuonyesha kwamba walikuwapo ni mimi kuitwa wa tatu. Watu wananiona mmoja; jina linasema tulikuwa watatu. Wewe ukifuta Kasereka kwenye kaye yako, unafuta lako, sawa. Lakini ukijifunza kuona haya kwa sababu ya hesabu hii, siku moja nani atawahesabu wale wawili?"

Hakuna aliyesema kitu. Mama alimbadilisha mtoto mkono.

Kisha babu akacheka, maana ni mzee wa kucheka. Akasema: "Tena mimi nimechekwa kwa majina yote mawili. Jina la batizo nililopewa ni Pancrace. Nilibatizwa tarehe 12 Mei, sikukuu yake. Padri alitazama kalenda, akaandika. Sasa vijana wa leo wanalisikia, wanashika tumbo!"

Hapa, watoto, yafaa tuseme kidogo juu ya jina la batizo, kwa sababu watu wengi wanadhani kwamba Kanisa lilikataza majina ya mababu milele. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimwagiza padri aangalie mtoto apewe jina la Kikristo; na kama wazazi hawakubali, padri aongeze jina la mtakatifu na kuandika yote mawili katika kitabu cha batizo. Kwa hiyo mababu zetu wengi wakawa akina Boniface, Gaspard na Pancrace. Sheria ya mwaka 1983 inasema neno jingine: wazazi, wasimamizi na padri waangalie tu lisitolewe jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Kasereka ni hesabu ya watoto wa mama. Hesabu haipingani na kitu.

Tena jina la mababu linaweza kuwa jina la mtakatifu, kama mwenye jina ni mtakatifu. Tazameni Kizito wa Uganda. Kizito si jina la Roma wala la Ufaransa. Ni jina la Kiganda. Kijana huyo, wa miaka kama 14, alichomwa moto Namugongo pamoja na Karoli Lwanga na wenzao, tarehe 3 Juni 1886. Papa Paulo wa Sita aliwaandika katika hesabu ya watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Tangu hapo Kizito ni jina la batizo, na mnawajua akina Kizito wa Bukavu, wa Bunia na wa Lubumbashi. Katika Kongo yetu tuna Isidore Bakanja, aliyetangazwa Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994. Tuna pia Anuarite, na habari ya jina lake ni ya ajabu kidogo. Alizaliwa Wamba mwaka 1939, akaitwa Nengapeta. Alipoandikishwa masomoni, waliandika kwa kosa jina la dada yake, Anuarite. Jina likabaki. Aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, na Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza Mwenye Heri huko Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, dunia nzima ilisikia jina la dada. Ndiyo sababu nawaambia: kama unakwenda kuandikisha mdogo wako, simama karibu na karani utazame anaandika nini!

Kuna wakati mambo yaligeuzwa chini juu. Mwaka 1971 inchi iliitwa Zaire, na mwaka 1972 Rais Mobutu aliamuru watu waache majina ya Kikristo ya kigeni, washike ya mababu tu. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré, akajiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga. Mapadri walitishwa kwa kifungo kama wangebatiza kwa jina la Kizungu. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, na mwaka ule ule ilimpasa kuondoka na kukaa Roma kwa muda. Watu waliitika jina moja barabarani na lingine nyumbani. Tangu 1990, utawala wa chama kimoja ulipokwisha, majina ya batizo yalirudi hadharani. Basi wazee wenu wameona yote mawili: siku za kuchekwa kwa jina la mababu, na siku za kuogopa kwa jina la batizo. Kumlazimisha mtu jina si njia ya kumfanya alipende.

Sheria ya jamaa ya mwaka 1987 inasema majina yatolewe katika urithi wa inchi yetu, yasiwe ya matusi wala ya kumwaibisha mtu. Na mtoto aandikishwe kwa serikali katika siku 90 tangu kuzaliwa. Wazazi wanaobishana juu ya jina wasipitishe siku hizo. Mtoto asiye na karatasi atapata taabu kubwa kuliko mtoto mwenye jina la kizee.

Wako pia wazazi wanaoacha jina la mababu kwa sababu nyingine, wala si ya kucheka. Katika miaka ya vita jina linaweza kumwambia mtu mwenye bunduki wewe ni wa kabila gani. Mzazi aliyeona mambo hayo, akamwita mwanawe Amani ao Christian ili asijulikane, tusimhukumu. Yeye anaficha mtoto kama kuku anavyoficha kifaranga chini ya bawa. Lakini kuogopa bunduki ni kitu kimoja, na kuogopa kicheko cha darasani ni kingine.

Kesho yake mwalimu aliuliza darasa: "Nani anajua Kevin ni jina la nani?" Mmoja akasema ni la mchezaji wa mpira. Mwingine akasema ni la filamu. Mwalimu akasema: "Kevin ni mtakatifu wa inchi ya Ireland. Alikuwa mtawa, akaanzisha monasteri mahali panapoitwa Glendalough. Kwa desturi husemwa alikufa mwaka 618. Hesabuni ni miaka mingapi." Watoto wakaandika ubaoni, wakatoa, wakapata zaidi ya 1,400. Mwalimu akasema: "Na sikukuu yake ni tarehe 3 Juni, siku ile ile ya Kizito na wenzake. Hakuna jina jipya hapa. Kuna majina ya wazee wetu na majina ya wazee wa wengine." Watoto walicheka, lakini safari hii walimtazama mwalimu.

Mtoto yule wa dirishani aliuliza: "Basi Mwalimu, niache Kevin?"

"Nimesema uache? Shika yote mawili, kama mikono yako. Lakini nikiita Kasereka, uitike mara ya kwanza, maana sauti yangu inachoka."

Juma lililofuata baba alikwenda kuandikisha mtoto mchanga. Waliandika Kakule kwanza, kisha Plamedi. Karani aliuliza Plamedi linaandikwaje, na babu, aliyekuwa amefuatana na mwanawe, alijaribu kulitamka mara mbili, likamshinda. Mpaka leo mama anaita "Plamedi", babu anaita "Kakule", na mtoto mwenyewe haitiki hata moja, analala tu. Kaka yake alifunika jalada lenye tundu kwa karatasi ya gazeti. Juu ya gazeti hajaandika jina bado.

Maulizo

1. Katika nyumba moja ya Wanande wamezaliwa wana sita. Wa sita ataitwa nani?
2. Kwa nini babu alisema wako watatu, ingawa watu wanamwona mmoja?
3. Jina lako la mababu lina maana gani? Nani alilibeba mbele yako? Muulize baba, mama, ao nyanya, kisha andika mistari mitano.